Barua kwa mwanangu aliyeniuliza IST au Noah

Assalaam aleikum mwanangu,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Una milioni 12 za kununua gari, umeona Toyota IST ya mtu anayehama na Toyota Noah kwa dalali, na unataka nikwambie ipi inakula mafuta kidogo. Hilo hata mwanao wa darasa la pili anakujibu. IST ina injini ya lita 1.3 au 1.5 na uzito wa tani moja na kidogo. Noah ina injini ya lita 2 na inakaribia tani moja na nusu kabla hujapandisha mtu wala gunia la machungwa. Hukuniuliza hilo, nakujua tangu nikikubeba mgongoni. Umeniuliza kama ni aibu kununua gari dogo na wewe una mke, watoto watatu na dada wa kazi.

Sasa nikwambie la Mark II, gari letu la kwanza.

Ninyi mnaikumbuka kwa viti vyake laini na kwa vile mlivyokuwa mkiiosha Alhamisi jioni. Mimi naikumbuka kwa daftari. Baba yenu alipopata kiinua mgongo mwaka 2004, watu walidhani yeye ndiye aliyelitaka gari lile. Niliyelitaka ni mimi. Nilikuwa nimekwenda harusini Muheza nyuma ya pikapu, nikashuka na buibui limegeuka rangi kwa vumbi, na nikaapa sirudii tena. Silinda 6, nyeupe, likapakiwa chini ya mkungu hapa Chumbageni. Usiku ule nilitoka nje mara mbili kulitazama.

Lakini mimi ni karani, miaka 19 nimehesabu robota za katani, siachi kitu bila kukiandika. Baba yenu akijaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, naandika kilomita. Akijaza tena, naandika lita zilizoingia, nagawanya. Mjini hapa, ambako hakuna mlima wala foleni, lilitupa kilomita 7 kwa lita. Starlet ya jirani, gari dogo, ilimpa 13. Nikimwonyesha baba yenu, ananijibu, "Daftari halipandwi, mama." Mwezi wa kwanza tulikwenda kila mahali. Mwezi wa tatu ikawa Ijumaa tu. Kufika mwezi wa sita kuku walikuwa wakilala chini yake.

Usiku ule wa bibi yenu nyote mlikuwa mmelala, ndiyo maana hamjawahi kuusikia vizuri. Ilikuwa tarehe 24, fedha za mwezi zimekwisha. Simu imepigwa kutoka Pangani saa tano usiku, bibi anashindwa kupumua. Baba yenu akatoka na ufunguo, akawasha, taa ya mafuta ikawaka nyekundu na mshale umelala chini kabisa. Ndani tulikuwa na shilingi elfu 3. Pangani ni kama kilomita 50, na barabara ya Tongoni na Kigombe wakati ule ilikuwa ya vumbi na mashimo. Akazima. Akakaa ndani ya gari mlango wazi, hasemi neno. Mimi ndiye niliyekwenda kugonga kwa jirani. Jirani akatoa ufunguo wa Starlet dirishani, wala hakuuliza kama tutarudisha mafuta.

Tulikwenda na tukarudi kwa yale yale yaliyokuwemo. Tulipokuwa tunampakia bibi yenu, yeye na pumzi yake ile fupi, akashika kiti, akatazama huku na huku, akamuuliza mwanawe, "Ile kubwa iko wapi?" Baba yenu akamjibu, "Iko kwa fundi, mama." Tukamfikisha hospitali ya Bombo, na Mungu akamjalia miaka miwili mingine. Lakini katika maisha yangu yote na baba yenu, huo ndio uongo pekee niliomsikia akimwambia mama yake. Nilikaa siti ya nyuma nimekipakata kichwa cha bibi, na jibu lile likanichoma mimi, kwa kuwa gari nililitaka mimi.

Tangu siku ile nasema, na nitasema mpaka mnizike: gari hununuliwa mara moja, mafuta hununuliwa kila siku.

Sasa piga hesabu zako. Kutoka Mbezi mpaka Posta na kurudi, tufanye kilomita 50. Siku 26 za kazi, kilomita 1,300. Gari la kilomita 12 kwa lita litataka lita 108. La kilomita 8 litataka lita 162. Hizo ni lita 54 zaidi kila mwezi, na kwa foleni ya Dar huenda zikazidi. Na kumbuka mwaka 2017 ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, ikahamishiwa kwenye kila lita ya mafuta. Anayechoma nyingi ndiye anayelipa nyingi. Mimi sina gari tena, lakini kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaosimamia mafuta, wakitoa bei yake naitazama ya Dar na ya Tanga, nakufikiria wewe.

Hata hivyo, kwenye Mark II kuna jambo linanisumbua. Tulipoiuza, aliyeinunua alirudi baada ya mwezi kutuambia kwamba fundi wetu alikuwa ameitoa thamostati, kile kifaa kinacholinda joto la injini, siku ile ilipochemsha, hakuirudisha, hakutwambia. Injini ikawa haipati joto lake, na injini baridi hupewa mafuta mengi. Kwa hiyo labda nililionea. Labda lingetupa 8 au 9. Lakini hata 9, mwanangu, tarehe 24 ingekuwa tarehe 24. Bali wewe, gari lolote utakalochukua, muulize mwenye nalo: thamostati ipo? Mwangalie usoni anapojibu. Halafu lala nalo usiku mmoja, uliwashe asubuhi likiwa baridi, wala usikubali kulikuta limeshawashwa.

Na huyo dalali anayekusifia kwamba Noah yake ni namba E, yaani herufi za namba yake zinaanza na E, namba inakuonyesha gari lilisajiliwa lini hapa kwetu, haikuonyeshi lilitengenezwa lini Japani. Tazama mwaka kwenye kadi. Tazama pia kama lina deni la faini za barabarani, usije ukarithi makosa ya mtu. Muulize kama injini ni D4. Hiyo mafuta hupigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na ikianza kusumbua si kazi ya fundi wa chini ya mwembe.

Nikisema hivi utadhani nimeshakuchagulia IST. Hapana. Starlet ile ile, tulipokuja kuinunua kwa jirani, siku tulipojipanga saba kwenda Lushoto, unakumbuka ilivyotufanya pale Soni. Tulishuka wote, tukakaa kwenye jiwe, dada yako akilia, rejeta inafuka. Nilipokuja kugawanya, safari ile ilikula kama Mark II. Injini ndogo ikibebeshwa kuliko uwezo wake nayo hulewa. Na IST ni ya watu 5. Ninyi mko 6, mkinihesabu na mimi, 7. Mkeo anayetaka Noah si mpenda makuu, anahesabu vichwa, na hapo simlaumu hata kidogo.

Lakini tena, siku ngapi kwa mwaka mtakaa saba? Idd mbili na harusi moja. Stendi ya Magufuli iko hapo hapo Mbezi, basi la Tanga mnalifuata kwa miguu. Utalisha lita 2 siku 300 kwa ajili ya siku 3?

Ipo Sienta, zile za toleo la kwanza. Lita 1.5, injini ile ile ya 1NZ iliyomo kwenye Raum, Spacio na IST za lita 1.5, vipuri vyake vimejaa hata hapa Tanga, Ngamiani, na siti 7, ingawa zile za nyuma ni za watoto. Milango yake ya nyuma huteleza, na mimi na goti langu... Basi, naacha. Sijasema nunua Sienta. Gari ni lenu, na ninajua ubaya wa mtu kulitaka gari kwa niaba ya mwenziwe.

Fanya hivi tu. Jumamosi mchukue mkeo, watoto na dada, mkakae wote ndani ya kila gari, milango imefungwa, robo saa. Kisha mkeo ashike kalamu, zile lita 54 aziandike yeye kwa mkono wake, azidishe kwa bei ya mwezi huu. Mkishamaliza mnipigie, mkiwa wawili, usinipigie peke yako.

Machungwa nimempa kaka yako, anashuka Dar Ijumaa. Mimi nitakuja mfungo ukiisha, inshallah, na nitapenda kukaa dirishani.

Mama yako,
Chumbageni, Tanga