Usikubali kujitolea redioni bila barua: jibu kwa mdogo wangu wa Kibondo

Mdogo wangu, usiende Dar es Salaam kwa ahadi hiyo. Umeandika kwamba umekulia kijijini wilayani Kibondo, kwamba umekuwa ukiandaa kipindi cha wakulima katika redio ya jamii iliyo karibu nanyi, na kwamba mtangazaji mmoja ambaye ni ndugu yenu kwa upande wa mama amekutaka uje mjini uanze kwa kujitolea katika kituo chao "mpaka wakuone". Umeuliza usome chuo gani, ununue simu ipi ya kurekodia, na ufanye nini ili lafudhi ya Kiha isikuangushe. Waliotangulia kukujibu wamekupongeza na kukutakia safari njema. Mimi siwezi, kwa sababu ya sentensi moja kuhusu barua ya kupokelewa kazini, uliyoipitisha haraka katikati ya uzi wako: "Barua hawajanipa, ila wamesema hilo ni la baadaye."

Natoka Makete, mkoani Njombe, na niliingia Dar es Salaam kwa mlango huo huo. Meneja wa vipindi wa kituo kimoja alinisikia nikiongoza shughuli ya wilaya, akaniambia nina sauti, na akanihakikishia kwamba mjini hakuna anayeajiriwa kabla ya kuonekana. Nilimwamini, nikawa naingia kituoni alfajiri kabla ya kipindi cha magazeti, naandaa dondoo, nawapigia simu wageni wa vipindi, nahariri sauti, na jioni nabaki kumsubiri msomaji wa taarifa ambaye huenda asifike. Nauli alinipa shangazi yangu kutoka katika biashara yake ya mboga. Kila nilipouliza kuhusu barua niliambiwa kwamba bajeti inasubiriwa, kwamba mkurugenzi yuko safarini, na mwisho kwamba mtu mwenye wito haulizi mambo ya karatasi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifunga mdomo kuliko mengine yote, kwa kuwa binti aliyetoka kijijini huogopa sana kuonekana hana shukrani, na aliyeyasema alilijua hilo vizuri.

Kukosa mshahara kuliniumiza, lakini kuna hasara iliyonigharimu zaidi, nayo nataka uielewe kwa kina kwa sababu ndiyo inayokusubiri. Makete na wilaya nyingine za Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi zimekuwa zikitoa mabinti wanaopelekwa mijini kufanya kazi za ndani, wengi wao wakiwa bado watoto. Nilipendekeza tufanye makala kuhusu mawakala wanaowachukua: wanakopita, wanachowaahidi wazazi, na namna mawasiliano yanavyokatika baada ya miezi michache. Kituo hakikutoa fedha. Nilirudi nyumbani kwa nauli ya kuazima, nikakaa na akina mama ambao hawakujua mabinti zao waliko. Walikubali kuzungumza mbele ya kinasa sauti kwa sababu niliwasalimu kwa Kikinga na kwa sababu walimfahamu bibi yangu. Mwandishi mgeni, hata awe hodari kiasi gani, angepewa chai na majibu ya adabu, kisha angerudi alikotoka bila habari.

Makala hiyo ilirushwa kwa sehemu kadhaa, na katika kila sehemu lilitajwa jina la mtangazaji mwajiriwa ambaye kazi yake ilikuwa kuyasoma maneno niliyoyaandika mimi. Nilipomfuata meneja, alinijibu kwa utulivu kwamba kituo hakiwezi kulitaja hewani jina la mtu asiyekuwa katika orodha ya wafanyakazi. Baadaye niliomba kazi katika chombo kingine, nikaitaja makala hiyo kuwa kielelezo cha uwezo wangu. Walipopiga simu kuulizia, walijibiwa kwamba mtu wa jina hilo hajawahi kufanya kazi pale. Niliwahi kuulizwa na mmoja wa akina mama wale kwa nini sauti yake ilisikika redioni lakini jina la mjukuu wa jirani yake halikusikika, nami sikuwa na jibu ambalo lingemwingia akilini.

Ninamlaumu meneja yule, na sioni sababu ya kulificha jambo hili kwa lugha ya upole. Alikuwa mtu mzima mwenye mabinti wake, alijua gharama ya chumba na ya chakula katika jiji lile, na alijua kwamba msichana asiye na barua hawezi kumdai chochote. Alifanya hesabu hiyo makusudi, kwa sababu wavulana wawili wa mjini waliokuja baada yangu walipewa mikataba mapema. Wazazi wao waliuliza maswali ambayo wangu, huko Makete, hawakujua kama yanaulizwa. Namlaumu pia dada mmoja, mtangazaji aliyekuwa akisikika kila nyumba, ambaye nilimwendea nikitafuta ushauri, naye akaniambia nivumilie kwa sababu wote walianza hivyo.

Si kweli kwamba wote walianza hivyo. Edda Sanga, ambaye ni miongoni mwa waasisi wa Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, alikuwa mtumishi wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Chama hicho kililipa gazeti lake jina la Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa kijijini Fumba, Unguja, katika familia maskini ya wafinyanzi, akahamia mjini, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zilizomfanya ajulikane katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Nyimbo zile zilivuka bahari zikiwa na jina lake. Wanawake hawa walipata shida nyingi, nami sizipunguzi hata kidogo, lakini mtu asikuambie kwamba kufanya kazi bila kutambuliwa ni desturi tuliyorithi kwao.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: aina ya kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuyatoa maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Kwa hiyo hata aliyenyimwa barua hakosi haki moja kwa moja, endapo atafika kwa wakati katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayelalamikia kuachishwa kazi hupewa siku 30, na migogoro mingine siku 60. Hakuna aliyeniambia hayo nilipokuwa kituoni. Niliyasikia kwa mwanasheria katika semina ya wanahabari, siku hizo zikiwa zimepita zamani.

Kuna jambo lingine ambalo waliokujibu wamelizunguka, na kwa kuwa wewe ni msichana nitalisema waziwazi. Mtu asiye na barua hubaki kazini kwa hiari ya mtu mmoja. Meneja yule alianza kunitumia ujumbe usiku, kisha akaniambia kwamba mazungumzo ya mkataba wangu hayawezi kufanyika ofisini, akanitajia hoteli. Nilikataa. Wiki iliyofuata mlinzi wa getini, mzee aliyekuwa akinisalimia kila alfajiri, aliniambia kwa aibu kwamba ameagizwa asiniruhusu kuingia. Sikupewa sababu wala barua ya kuachishwa, kwa kuwa katika karatasi za kituo kile sikuwahi kuwepo. Mwenzangu mwajiriwa aliyekumbana na ujumbe wa aina hiyo kwa meneja yule yule aliweza kuupeleka kwa mkurugenzi akiwa na mkataba mkononi, na meneja akanyamaza.

Kumtaka mtu ngono ili apewe ajira au cheo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Lijue hilo, na utunze kila ujumbe utakaotumiwa. Hata hivyo, ninachokuombea ni kwamba uingie mahali ambapo kubaki kwako hakutegemei moyo wa mtu. Wengi humu watakuambia kwamba dawa ni kuwa na msimamo. Mimi nilikuwa na msimamo, na uliniishia getini.

Najua utajibu kwamba huyo ni ndugu yako, na kwamba si vizuri kumdai ndugu maandishi. Mdogo wangu, ndugu huyo naye ameajiriwa. Hawezi kukuajiri, hawezi kukulipa, na siku mambo yakiharibika hatakuwa tayari kupoteza nafasi yake kwa ajili yako. Kama kweli anakutakia mema, kazi ya kwanza aifanye huko huko kituoni: akuombee barua kwa mwenye mamlaka ya kuitia saini. Wanafunzi wa vyuo wanaokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo hupokelewa kwa barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na vituo huzoea kuandika barua hizo kila mwaka. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba utaratibu haupo.

Kuhusu chuo nitasema kwa ufupi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilileta utaratibu wa waandishi kuthibitishwa na Bodi ya Ithibati, na kanuni zake za mwaka 2017 ziliweka stashahada ya uandishi wa habari kuwa kiwango cha chini. Kabla hujalipa ada popote, hakikisha kwamba chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, kwa sababu cheti cha miezi michache cha utangazaji kutoka mahali pasiposajiliwa hakitakufikisha kwenye stashahada. Zingatia pia kwamba miezi utakayojitolea bila maandishi haitahesabiwa na chuo, wala na Bodi, wala na mwajiri wa kesho.

Lafudhi usiihangaikie kama unavyofanya sasa. Jifunze kusoma taarifa kwa utulivu na kutamka majina ya watu na mahali kwa usahihi, kisha uiache sauti yako kama ilivyo. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Wilaya yenu imepokea wakimbizi wa Burundi kwa vipindi virefu, na kambi ya Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015. Waandishi wanaotumwa huko kutoka Dar es Salaam huhitaji mkalimani ili wamsikie mama aliyevuka mpaka na watoto wake. Wewe humsikia mwenyewe, pamoja na yale anayoyasema akidhani hakuna anayeelewa. Uwezo huo una wanunuzi. Magazeti na redio za kitaifa hutegemea sana waandishi wa mikoani wanaolipwa kwa kila habari, na idhaa za Kiswahili zilizoko ng'ambo nazo hutumia wawakilishi walioko nchini. Malipo kwa habari moja mara nyingi ni madogo na huchelewa, nami sitakudanganya kuhusu hilo, lakini habari hutoka ikiwa na jina lako, na unaweza kuitafuta klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wenu, iliyo chini ya umoja wao wa kitaifa, UTPC, ukaanza kufahamika kwa kazi unayoifanya ukiwa bado unalala kwenu.

Ikiwa bado unaitaka nafasi hiyo ya Dar es Salaam, andika barua wewe mwenyewe na uipeleke kwa mkurugenzi kwa barua pepe, siyo kwa mdomo wa ndugu yako. Eleza kwamba umealikwa, mtaje aliyekualika, na uombe wakuthibitishie kwa maandishi mambo yafuatayo: kazi utakayofanya na msimamizi wako ni nani, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, isiyozidi miezi mitatu, posho ya nauli na chakula, hata iwe ndogo, kwamba kila kipindi au habari utakayoiandaa itataja jina lako hewani, na kwamba mwishoni utapewa barua inayoorodhesha kazi ulizofanya. Suala la jina usilipunguze hata wakikupandishia posho, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi kuwa na haki ya kutajwa katika kazi yake, na hiyo ndiyo haki niliyonyang'anywa nikiwa nimesimama nje ya studio nikisikiliza.

Tunza nakala ya barua pepe hiyo na ya majibu yake mahali ambapo si simu yako peke yake, na uwaachie wazazi wako nakala iliyochapishwa. Wakikujibu kwamba watu wenye wito hawaulizi mambo kama hayo, basi umeshawajua, na hujatumia nauli. Ukipenda niisome barua kabla hujaituma, iweke humu ukiwa umeficha majina. Nitaipitia leo usiku, na kuna wanasheria wawili katika jukwaa hili ambao nitawaomba waitazame nao.