Joto si halijoto

Mwanafunzi wa uhandisi wa Moshi ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Naandaa ripoti kwa Kiswahili kuhusu modeli ya kihesabu ya plastiki iliyoimarishwa kwa mkonge. Niliandika hivi: 'Nyuzi zililazwa kwa nyuzi 45, kisha zikapewa joto la nyuzi 120.' Wenzangu wameshindwa kuielewa. Nirekebishe wapi?"

Marahaba, mwanangu. Hizo nyuzi tatu dawa yake nyepesi. Watu wa mkonge wana neno lao, singa, na ndilo wanalohesabia tani zao. Litumie. Ukihamia kwenye kioo au kaboni, sema nyuzinyuzi. Pembe iachie nyuzi zake, au digrii ukipenda, ila itaje kuwa ni pembe, maana humo ndimo ilimo hesabu yako. Nyuzinyuzi za kioo zenye ukakamavu (yaani ukinzani wa kuvutika) wa gigapaskali 70 zikichukua asilimia 60 ya ujazo, na epoksi, plastiki inayozishikanisha, ya gigapaskali 3 ikachukua iliyobaki, ukivuta kwa kufuata urefu wa nyuzinyuzi unapata takriban gigapaskali 43. Ukivuta kwa kuzikatisha, takriban 7 tu!

Kilichonichoma ni hilo "joto la nyuzi 120". Joto, ndugu yake kuota moto, ni kitu kinachotoka hapa kikaingia pale. Halijoto ni hali ambayo kitu kimefikia. Wanaoandika jotoridi sina ugomvi nao, kwa sababu wametenganisha. Ugomvi wangu ni na wasomi wanaovikoroga pamoja.

Simama kando ya fundi anayechomelea mageti. Cheche zinamrukia mikononi, kila moja imepita nyuzijoto 1000, naye hata hageuki. Sasa mmwagie ndoo ya maji ya nyuzijoto 90: utampeleka hospitali. Halijoto ya maji ni ndogo mno mbele ya ile ya cheche, lakini joto linalotoka kwenye maji hayo na kumwingia ndilo linalombabua. Cheche ni punje, joto lake linakwisha kabla ya kupenya ngozi. Anayesema cheche ina joto kuliko ndoo amesema uongo, na akiuandika kwenye ripoti amewapotosha wengi.

Na wewe uongo huo utakuvunjia modeli. Epoksi iliyogandishwa kwa nyuzijoto 120 ikipoa hadi 25, halijoto imeshuka nyuzijoto 95. Epoksi inataka kusinyaa sana, kioo kidogo, na vimeshikamana. Basi vinavutana, na mkazo unabaki ndani kabla hujatundika mzigo wowote. Mkazo huo unakokotolewa kwa badiliko la halijoto. Joto lina mlinganyo wake: linapita kwa kasi gani, na upande upi, kwani kwenye kaboni hupita kwa wepesi likifuata urefu wa nyuzinyuzi na kwa taabu likizikatisha. Ukiviita vyote "joto", anayesoma atajuaje uko kwenye mlinganyo upi?

Mama muuza ndizi wa soko la Mbuyuni akisema leo kuna joto, amesema sawasawa, asisahihishwe. Mtangazaji akisema joto litafika nyuzi 30, nanyamaza, kwa shida. Mhandisi simwachii.

Andika hivi: "Singa zililazwa kwa pembe ya nyuzi 45, kisha plastiki ikapashwa joto mpaka halijoto yake ikafika nyuzijoto 120."