Jibu: Kwa nini Nubia haikutekwa pamoja na Misri?

Mkuu, umeuliza mbona Misri ilianguka haraka mbele ya majeshi ya Waislamu, ilhali Wanubi, majirani zake wa kusini, walibaki Wakristo kwa karne nyingi.

Kwanza, mishale. Amr ibn al-As, jemadari wa Waislamu, aliingia Misri mwaka 639, na ndani ya miaka michache Aleksandria ilikuwa imesalimu amri. Lakini jeshi lilipopanda Nile hadi Dongola, mji mkuu wa Makuria, ufalme wa Wanubi, mwaka 652, lilikutana na wapiga upinde ambao Waarabu wenyewe waliwaita watoboa macho. Wapo waliorudi chongo.

Ndipo yakaja makubaliano ya baqt: Wanubi wapeleke watumwa wapatao 360 kila mwaka, nao wapewe nafaka na nguo. Wengine huisifu sana amani hiyo. Mimi naona ililipiwa kwa watu.

Ila hapo uliposema Misri "ilisilimu mara moja" sikubaliani nawe. Kutekwa ni jambo moja, kusilimu ni jingine. Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, walilipa jizya, kodi ya wasio Waislamu, na wakaendelea kuwa wengi kwa muda mrefu. Tena walikuwa na kinyongo na Konstantinopoli, makao ya dola ya Kirumi iliyoitawala Misri kabla ya Waarabu, tangu mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Kalkedoni wa 451, ule wa ubishi juu ya asili ya Kristo, kwa hiyo si wote waliomlilia mtawala aliyeondoka.

Nubia nayo ilibadilika polepole, kwa biashara, ndoa na vita vya kugombea kiti cha enzi. Mwaka 1317 ukumbi wa kifalme wa Dongola uligeuzwa msikiti.