Wimbo wa 19 wa London Calling

Umenunua santuri mpya ya London Calling, jalada linataja nyimbo 18 lakini zinasikika 19, ukajiuliza kama ni feki? Hapana, si feki. "Train in Vain" haukuandikwa kwenye jalada la London Calling, albamu ya santuri mbili ya The Clash, bendi ya punk ya Uingereza, tangu toleo la kwanza kabisa la Desemba 1979, kwa hiyo toleo jipya la santuri linaloiga jalada lile litaonyesha nyimbo 18 huku zikisikika 19. Bendi ilikusudia wimbo ule ugawiwe bure pamoja na gazeti la muziki la NME. Mpango ukavunjika, nao wakauchomeka mwisho wa upande wa nne wakati majalada yalishakwenda kwa mchapaji. Ndiyo maana wengi hudhani waliuficha makusudi. Wala! Ni haraka tu, na mwaka uliofuata huo huo wimbo wa Mick Jones, mpiga gitaa wa bendi, ukawapa nafasi ya 23 kwenye chati za Marekani.

Ukiwa na nakala ya zamani, iinamishe kwenye mwanga utazame ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo: jina la wimbo limekwaruzwa pale kwa mkono. Naipenda sana alama ile.

Ila usitumie jalada peke yake kuamua umri wa nakala, maana yapo matoleo ya baadaye yaliyoutaja wimbo. Tazama kama kuna msimbopau nyuma. Nakala za Uingereza za 1979 hazikuwa nao. Kisha linganisha namba zilizochongwa karibu na lebo na zile za toleo la kwanza kabla hujatoa hela ya nakala ya kwanza.