Mary Lennox: bustani au Dickon?

Umeuliza kilichombadilisha Mary, yule msichana mdogo katika riwaya ya The Secret Garden (1911), ni bustani au Dickon, kijana rafiki wa wanyama. Kwangu mimi, mabadiliko yalianza mapema zaidi. Kule India watumishi walimtii kwa kila kitu ili asilie, na mama yake hakutaka hata kumwona. Alipohamia Yorkshire, Uingereza, mtumishi Martha akashangaa kuona mtoto mkubwa hajui kujivalisha nguo. Mzee Ben, mtunza bustani, naye akampasulia: sote wawili hatuna sura nzuri, na roho zetu chungu vilevile. Nani aliwahi kumwambia ukweli namna hiyo? Kisha yule ndege wa kifua chekundu akamfanya atambue upweke wake. Dickon, kusema kweli, ni mwema kupita kiasi. Colin, binamu yake mgonjwa, ndiye anayemtikisa, maana ghadhabu zake ni zilezile za Mary.