Maswali ya wasomaji: baada ya upasuaji wa matundu

Shikamoo daktari. Mama ametolewa kibofu cha nyongo kwa matundu juzi. Tumbo haliumi sana, ila bega la kulia linamnyima usingizi. Alilazwa vibaya mezani? (Makorora, Tanga)

Marahaba mwanangu. Sidhani. Ili viungo vionekane kwenye kamera inayopitishwa kwenye tundu dogo la tumbo, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Inayosalia huchokoza msuli wa kupumulia, na maumivu yake husikika begani. Atembeetembee ndani na ameze dawa alizoandikiwa; siku mbili tatu huisha. Lakini macho yakiwa ya manjano, homa ikipanda, au tumbo likizidi kuuma badala ya kupoa, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Huenda nyongo inavuja, au mrija wake umejeruhiwa.

Niliahidiwa matundu manne, nikaamka na mshono mrefu. Walikosea? (Dunda, Bagamoyo)

Si lazima. Viungo vikiwa vimeshikana, au damu ikigoma kukata, kufungua tumbo ndiyo busara, na mimi namheshimu daktari asiyeng'ang'ania matundu. Muulize sababu, ni haki yako kuelezwa.

Mke wangu alipunguzwa mfuko wa chakula Dar es Salaam wiki iliyopita, akarudi kwa basi. Tangu jana moyo unamwenda mbio na anahema. Yeye anasema ni uchovu wa safari. (Chumbageni, Tanga)

Ndugu huyu nilimjibu kwa simu papo hapo: mpeleke hospitali ya Bombo sasa hivi. Jibu hilo naliandika hapa kwa ajili ya wengine, maana kinachoniumiza ni watu kungoja kupambazuke.

Katika upasuaji huu wa kupunguza uzito huondolewa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko, na uliobaki hufungwa kwa pini ndogondogo. Kwa wagonjwa wachache mstari huo huvuja, mara nyingi katika wiki za mwanzo. Tumbo laweza kuuma kidogo tu, huku mapigo ya moyo yakipita 120 kwa dakika. Kuhema nako kwaweza kuwa damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni, na kukaa saa nyingi kwenye kiti cha basi huongeza hatari hiyo. Yote mawili huua yakicheleweshwa.

Chukueni karatasi ya ruhusa na namba ya daktari aliyempasua. Mlangoni tu semeni amepasuliwa nini na lini, na mpira wa kupitishwa puani hadi tumboni usiingizwe kabla ya kuzungumza na daktari huyo. Msimpe chakula wala dawa za kienyeji njiani.

Nina miezi mitano tangu nipunguzwe mfuko wa chakula. Nywele zinanyonyoka, vidonge vya vitamini vimenichosha, na Ramadhani inakuja. Pia tunataka mtoto. (Pangani)

Nywele huota tena kwa wengi. Anza kila mlo na samaki, dagaa au mayai. Vidonge ni vya maisha, dada yangu: B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, pamoja na kipimo cha damu kila mwaka. Kufunga bado ni mapema, kwa kuwa mfuko mdogo hauwezi kufidia maji ya mchana kutwa kwa futari na daku. Mtoto msubiri hadi upite mwaka mmoja, au mmoja na nusu, na mtumie uzazi wa mpango, kwani uzito ukipungua mimba hushika upesi. Ukitapika mfululizo au miguu ikafa ganzi, wahi hospitali: upungufu wa vitamini B1 huharibu neva na ubongo, na sindano yake haipaswi kungoja majibu ya maabara.