Sungura akijikuna sikio, usikimbilie dawa kabla hujaangalia ndani

Wiki iliyopita dada mmoja kanitumia meseji saa nne usiku, na kusema ukweli usingizi uliniruka. Anasema sungura wake ana siku ya nne anajikuna sikio, ndani kuna vitu vya kahawia, sasa yeye kachukua dawa ya matone ya masikio ya mbwa iliyobaki kabatini akamtia, siku ya kwanza sungura akatulia, siku ya tatu ikarudi mbaya kuliko mwanzo, na anauliza aongeze matone au aache. Nimeisoma ile meseji mara tatu. Ni kama niliiandika mwenyewe miaka minne iliyopita, mpaka yale maneno "iliyobaki kabatini".

Nikamjibu palepale: acha, usiongeze hata tone moja, kesho asubuhi mpeleke akaangaliwe. Halafu nikakaa nikawaza, hivi ni wangapi wapo kwenye hali hii sasa hivi na hawajui wamwulize nani? Ndio maana naandika hapa. Nitaeleza yaliyonipata na Doa, yote, hata yale yanayoniuma mpaka leo.

Doa alikuwa sungura jike, mwenye masikio ya kulala, mweupe na doa jeusi puani. Wenye masikio ya kulala wanapendeza sana lakini masikio yao yana shida zake, kwa sababu njia ya sikio imejikunja na kubanwa, hewa haipiti vizuri, nta inajikusanya ndani haitoki. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule nilichoona mimi ni kwamba jioni akishatoka kwenye kizimba anakaa, anainua mguu wa nyuma, anajikuna sikio la kushoto harakaharaka halafu anajilamba ukucha. Nikaona anapendeza. Nikamrekodi video nikawatumia ndugu, wote wakacheka. Ile video bado ninayo na siwezi kuiangalia, kwa sababu sasa najua nilikuwa narekodi mnyama mwenye maumivu.

Sungura ni mnyama wa kuwindwa, jamani. Akionyesha kwamba anaumwa porini analiwa, kwa hiyo kaumbwa kuficha. Mpaka wewe uone anajikuna waziwazi mbele yako, anatikisa kichwa, ujue kwake jambo lina muda. Kujikuna mara moja mbili wakati anajisafisha ni kawaida, kila sungura anafanya. Kurudia sikio lilelile, kutikisa kichwa, sikio moja kushuka wakati lingine limesimama, manyoya kunyonyoka nyuma ya sikio, vidonda vya kucha, hiyo siyo kawaida.

Baada ya kama siku kumi nikaangalia ndani. Nikakuta magamba ya kahawia, makavu, yamepandana tabaka juu ya tabaka kama maganda ya mti uliokauka. Nikasema huu ni uchafu. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo naliona watu wanalirudia kila siku: nikachukua vijiti vya pamba na maji ya uvuguvugu, nikamfunga Doa kwenye taulo, nikaanza kubandua.

Chini ya yale magamba hakuna ngozi ya kawaida. Kuna nyama mbichi. Gamba la kwanza lilipotoka damu ikatoka, na Doa akapiga kelele. Kama hujawahi kusikia sungura akipiga kelele naomba usije ukasikia, maana sungura halii ovyo, anapiga kelele akiwa na hofu ya kufa. Na mimi sikuacha! Nikajiambia nimalize, ni kwa faida yake. Nikabandua sikio zima. Kile kijiti cha pamba nacho kazi yake ilikuwa kusukuma uchafu uliobaki kwenda ndani zaidi, kwenye ile kona ambako hautoki tena.

Halafu ndio nikatia matone ya mbwa. Akatulia siku mbili, nikafurahi, nikajiona mtaalamu. Kumbe dawa nyingi za namna ile zina steroidi ndani, inazima muwasho haraka lakini inashusha kinga ya mwili, na sungura ni mwepesi sana kudhurika na steroidi kuliko mbwa. Kwa hiyo muwasho ulinyamaza wakati ugonjwa unaendelea kushuka chini.

Nilimpeleka sehemu moja, wakamwangalia kwa juu tu, wakasema ni nta, wakanipa matone mengine. Hakuna aliyeingiza kile kifaa chenye taa cha kuangalia ndani ya sikio. Hakuna aliyebonyeza chini ya sikio kuona kama kuna uvimbe. Dakika tano tukatoka. Hilo bado linaniuma, siwezi kudanganya, kwa sababu nililipa, nikaamini, nikarudi nyumbani kuendelea kutia dawa kwenye sikio ambalo kiwambo chake (ile ngozi nyembamba ndani kabisa ya njia ya sikio) kilikuwa kimeshatoboka, na zipo dawa za matone ambazo zikipita kwenye kiwambo kilichotoboka zinaharibu sikio la ndani lenyewe.

Asubuhi moja nikamkuta Doa kichwa kimepinda upande wa kushoto, jicho moja linaangalia juu, anajaribu kutembea anazunguka duara na kuanguka. Sikio la ndani ndilo linashika mizani ya mwili, likishaingiliwa na maambukizi mnyama hajui tena juu wala chini. (Kichwa kupinda kinaweza pia kuletwa na kimelea kinachoshambulia ubongo na figo, kwa hiyo usijiamulie mwenyewe kwamba ni sikio, hiyo ni kazi ya daktari kutofautisha.)

Daktari wa pili ndiye aliyeniambia ukweli wote, taratibu, bila kunigombeza, na ningependelea angenigombeza. Matibabu yalichukua wiki nyingi. Doa alipona maambukizi lakini kichwa hakikunyooka tena. Aliishi hivyo miaka miwili, anakula kwa upande, nikimuwekea taulo zilizokunjwa kwenye kona za kizimba ili akiegemea asianguke. Alikuwa bado ananijia akisikia hatua zangu, anakuja kwa kupinda, lakini anakuja.

Sasa Mvi, sungura wangu mwingine. Mvi nilimchukua kwa mtu aliyekuwa anahama, na siku ya kwanza kabla hajagusa sakafu ya nyumba yangu nilimweka mapajani, miguu ya nyuma nimeishikilia vizuri (sungura akirusha teke akiwa hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo, hili ulishike), nikawasha tochi ya simu nikaangalia sikio moja, nikaangalia la pili, nikalinganisha. Sikio lenye afya ndani ni la waridi, safi, labda nta kidogo ya manjano hafifu, na halina harufu. La kulia la Mvi lilikuwa na kigamba cha kahawia saizi ya ukucha wa kidole kidogo. Kidogo tu! Mtu mwingine asingekiona.

Sikukigusa. Kesho yake tulikuwa kwa daktari. Akachukua chembe kidogo akaweka kwenye hadubini akaniita nione: wadudu, utitiri wa masikio, Psoroptes cuniculi ndio jina lake la kitaalamu, wenye miguu minane, wanatembea. Yale magamba ni mchanganyiko wa majimaji ya ngozi iliyoumizwa, seli zilizokufa, kinyesi cha wadudu na wadudu wenyewe. Ukikaza macho kwenye mwanga mkali unaweza hata kuwaona kama vidoti vyeupe vinavyosogea.

Mvi akachomwa sindano ya ivermectin, tukarudi baada ya siku 14 akachomwa nyingine. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu dawa inaua wadudu waliopo, mayai hayaguswi, na mzunguko kutoka yai mpaka mdudu mkubwa ni kama wiki tatu. Ukiridhika na sindano ya kwanza kwa sababu ameacha kujikuna, unayaachia mayai yaanguliwe, mwezi ujao umerudi palepale. Watu wengi wanaosema "dawa haikufanya kazi" ukiwauliza wamechoma mara ngapi watakuambia moja.

Na yale magamba? Yalidondoka yenyewe. Siku ya tisa nikakuta kwenye taulo analolalia kipande kizima kimetoka kimejikunja kama sikio dogo, na chini yake ngozi laini, ya waridi, haina tone la damu. Nilikaa sakafuni nikalia, yaani nilikishika kile kigamba mkononi nikamkumbuka Doa na yale mayowe. Hakuna aliyehitaji kubandua kitu. Ilikuwa ni kusubiri tu.

Nikasafisha kizimba chote, matandiko nikatupa, vitambaa nikafua kwa maji ya moto, brashi nayo, na nikarudia tena na tena kwa wiki tatu, sababu wale wadudu wanaweza kuishi nje ya mwili wa sungura mpaka siku 21 mazingira yakiwaruhusu. Na sungura mwingine niliyekuwa naye, ambaye hakuwa anajikuna kabisa, naye alitibiwa. Hapa ndipo watu wananibishia. Wanatibu anayejikuna tu, wanamwacha mwenzake kwa sababu "yuko sawa". Hayuko sawa, hajaonyesha tu.

Ila sio kila anayejikuna ana utitiri wa masikio, na hili naomba mnisikilize. Wengine ni viroboto. Wengine wana utitiri mwingine unaokaa shingoni na mgongoni, unaona mba nyeupe na ukiangalia vizuri ile mba inasogea. Wengine ni punje ya nyasi kavu imeingia sikioni. Wengine, hasa hawa wa masikio ya kulala, hawana mdudu hata mmoja, ni usaha umejaa ndani, na usaha wa sungura ni mzito kama dawa ya meno, hautiririki, kwa hiyo nje unaona sikio kavu kumbe chini kabisa kuna jipu. Ukibonyeza taratibu chini ya sikio ukakuta uvimbe au akajivuta, hiyo siyo ya kusubiri. Kila moja ya hizi ina tiba yake, na ndio maana nasema angalia kwanza, aangalie anayejua, halafu ndio dawa.

Dawa zenyewe mtu unaweza kuua. Fipronil, ile ya viroboto ya mbwa na paka inayopakwa shingoni, usimpake sungura kamwe, inawaua. Amoxicillin ya kumeza, ile antibiotiki, usimpe, inaua bakteria wazuri wa tumboni na tumbo likishaharibika sungura anakwenda. Na hii ivermectin ya ng'ombe ambayo watu wanaipima kwa macho: ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwenye kila mililita, na sungura wa kilo mbili anahitaji chini ya sehemu ya kumi ya mililita moja. Hiyo unaipimaje kwa macho? Mwache daktari ampime uzito kwanza.

Mafuta sikioni watu wananiuliza sana. Yanalainisha magamba, yanaziba pumzi ya baadhi ya wadudu, lakini wengine wako nje ya sikio, kichwani, shingoni, mpaka chini ya mkia, hayo mafuta hayawafikii. Na kama kiwambo kimetoboka hujui unamwagia wapi. Mimi situmii. Kumwogesha nako usithubutu, sungura akilowa mwili wote anapata mshtuko na baridi.

Unachoweza kufanya nyumbani ukisubiri daktari ni kumkata kucha za miguu ya nyuma asijichane, kumtenga bila kumwondolea harufu ya mwenzake, na kuangalia anakula na anakunya. Akikaa muda wa saa 12 bila kula, acha habari ya sikio, hiyo ni dharura, maumivu yanasimamisha tumbo la sungura na tumbo ndilo linaloua kabla ya sikio.

Ukimchukua mnyama umechukua na masikio yake. Mara moja kwa wiki, tochi, masikio yote mawili, dakika moja. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu Mvi ana miaka mitatu sasa na masikio yake yamesimama wima, na mimi najua hasa ile dakika moja ingekuwa na thamani gani kwa Doa. Usisubiri kujifunza kwa mnyama wako kama mimi nilivyojifunza. Na ukifika mahali wakaangalia kwa juu tu, uliza: mmeona kiwambo? Usione aibu. Mimi niliona aibu kuuliza.

Yule dada alikwenda asubuhi ileile. Kiwambo kizima, utitiri masikio yote mawili, sindano ya kwanza amechomwa, matone ya mbwa kayatupa. Jana usiku kanitumia picha, sikio bado jekundu na magamba yapo, ananiuliza asifute hata kidogo kwa kitambaa laini? Nimemwambia usiguse. Sindano ya pili ni wiki ijayo, Alhamisi.